Mpeni Mwajuma Hadithi Yake

Barua ya wazi kwa waandishi, waongozaji na watayarishaji wa filamu za kihistoria za pwani, kwa Bodi ya Filamu Tanzania, na kwa waandaaji wa Tamasha la Filamu la Zanzibar

Ndugu zangu,

Nawaandikia nikiwa mtazamaji, mwanamke wa Unguja, na nina ombi moja ambalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu naliona zito. Mnapotengeneza filamu kuhusu wasichana waliokua pamoja katika Zanzibar, Mombasa, Lamu au Dar es Salaam ya zamani, mpeni kila msichana maisha yake. Asiwepo mmoja mwenye hadithi na wengine wa kumfuta machozi.

Naandika sasa kwa sababu mlango umefunguka. Mwezi wa Septemba 2021, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ilionyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar, na hapo nchi ilikuwa haijapeleka filamu tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Shivji alikuwa amefungua tamasha letu la Zanzibar kwa T-Junction, hadithi ya Fatima na Maria, wasichana wawili wanaokutana hospitalini Dar es Salaam na kuwa marafiki. Kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba urafiki wa wanawake si jambo la sinema yetu. Njia imeshapasuliwa. Filamu zitakazofuata ndizo zinazonifanya nishike kalamu, kwa kuwa najua wapo vijana wenye miswada mezani, na najua miswada hubadilika kwa urahisi kabla kamera haijawashwa kuliko baadaye.

Nianze na Yasmin na Mwajuma, kwa kuwa wengi mnawajua. Yasmin wa Vuta N'kuvute ni binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa inamshinda, anakimbia, jamaa zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma, huko Ng'ambo. Katika Unguja ya miaka ya 1950, hatua hiyo ilikuwa nzito. Waingereza walikuwa wameupanga mji tangu miaka ya 1920 kana kwamba ni miji miwili, Mji Mkongwe wa majumba ya mawe upande mmoja na Ng'ambo ya nyumba za udongo na makuti upande wa pili, ingawa maisha ya watu hayakuufuata mpaka huo sawasawa. Binti wa Kihindi kuvuka Darajani na kwenda kulala nyumbani kwa mwanamke wa Kiswahili kulitikisa heshima ya ukoo mzima. Lakini mlango ukishafunguliwa, hadithi inakwenda na Yasmin na Denge, kijana mpigania uhuru. Mwajuma anabaki kuwa nyumba.

Siilaumu riwaya. Adam Shafi alichagua kuandika mapenzi na mapambano ya uhuru, na amefanya hivyo kwa ufundi ambao umewafundisha wengi wetu kusoma. Filamu nayo imetupa picha ya mji wetu ambayo hatukuwahi kuiona kwenye pazia kubwa. Ninachosema ni kwamba kazi hizo zimetuachia deni. Mwajuma alizaliwa na nani? Nani alimfunda? Aliwaza nini usiku ule wa kwanza, alipomtandikia mgeni asiyezoea jamvi? Majirani walimwambia nini kesho yake, na yeye aliwajibu nini? Alipoteza nini kwa kumpokea Yasmin? Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika filamu nyingi rafiki anafaa kwa dhiki ya mwenzake, na dhiki yake mwenyewe haionyeshwi kamwe.

Tazameni ni nani hupewa nafasi hiyo ya rafiki. Mara nyingi huwa ndiye mweusi zaidi kwa rangi. Huwa ndiye anayeishi nyumba ndogo, anayechekesha, anayepika, anayepeleka barua kwa mpenzi wa mwenzake. Katika filamu zetu za mjini za leo huwa ni hausigeli. Binti wa Kihindi naye, asipokuwa ndiye nyota, huwekwa dukani nyuma ya meza ya baba yake, aongee Kiswahili cha kuchekesha watu na kutoweka. Binti wa Kimakunduchi au wa Kitumbatu haonekani kabisa, au huonekana kwenye ngoma, kwa mbali, bila jina. Kuwajaza wote hawa katika picha moja, kila mmoja na vazi lake, hakutoshi. Wingi wa sura ni kazi ya mtu wa mavazi. Haki ya uhusika ni kazi ya mwandishi, nayo hupimwa kwa maswali machache: je, msichana huyu ana mama? Ana jambo analolitaka ambalo halimhusu nyota? Ana siri? Filamu inapokwisha, tunajua yeye ameishia wapi?

Historia yetu inawapa nyenzo tele za kuyajibu maswali hayo, na ni vizuri mzijue kabla ya kukaa kuandika.

Wasichana wa mji ule walitenganishwa kwa mpango. Skule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Pembeni yake zilikuwapo skule za jamaa za Kihindi, na ile ya masista wa Kikatoliki ya Mtakatifu Yosefu. Sensa iliwahesabu watu kwa asili zao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgawo wa chakula ulipangwa kwa asili, na mchele ukawekewa hasa Waasia na Waarabu. Wasichana wawili waliocheza pamoja asubuhi wangeweza kurudi majumbani kwao mchana wakakuta vyungu viwili tofauti vilivyoamuliwa na kipande cha karatasi cha serikali. Mwandishi wa filamu anayetafuta namna ya kuonyesha ukoloni bila hotuba hana haja ya kwenda mbali.

Pamoja na hayo walikutana. Walikutana chuoni, kwenye Kurani, ambako mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua walikaa jamvi moja mbele ya mwalimu mmoja. Walikutana kwenye sikukuu Mnazi Mmoja, kwenye mifereji ya maji, kwenye maulidi na harusi. Walikutana pia sinema. Watu wa mji huu walikuwa wapenzi wakubwa wa filamu za Kihindi, na kumbi zilipanga maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama, binti, shangazi na majirani wa kila asili walijaa ukumbi mzima, wakalia pamoja na kuimba pamoja. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa hapa na watu wasiojua Kihindi hata neno moja. Nashangaa kwamba bado hatujaona filamu ya Kiswahili inayotokea ndani ya ukumbi ule: giza, mabuibui yameteremshwa mabegani, na wasichana wanne wa nyumba nne tofauti wanajifunza kuota ndoto kutoka pazia moja.

Walikutana vilevile katika ngoma. Vyama vya lelemama vya Mombasa na Unguja viliwaunganisha wanawake kwa mitaa na kwa mashindano, na ndani yake mwanamke aliyetokana na watumwa aliweza kupata cheo ambacho mji haukumpa penginepo. Taarabu ilifanya hivyo hivyo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, shamba, katika familia iliyotokana na utumwa, na mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Hebu fikirini maana ya jina hilo kwa msichana wa Ng'ambo wa mwaka 1950, mwaka Siti alipofariki. Msichana huyo angekuwa na ndoto kubwa kuliko kumbebea rafiki yake kanga.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo filamu zetu hulikwepa, nalo ni utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kwenye pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Fanyeni hesabu. Msichana mwenye umri wa miaka 15 mwaka 1950 angeweza kabisa kuwa na bibi aliyezaliwa mtumwa, naye bibi yuko hai, anakaa barazani na kumsuka nywele. Rafiki yake angeweza kuwa mjukuu wa aliyemmiliki bibi huyo. Nyumba hizo mbili zilijuana, zilisaidiana, zilioana mara nyingine, na zilinyamaza. Wanawake waliotoka utumwani waliivua kaniki wakavaa kanga, baadaye wakavaa buibui kama mabibi wa mjini, na kila nguo ilikuwa ni madai ya usawa. Mtu wa mavazi akiujua ukweli huu, kanga moja itasema mengi kuliko kurasa tatu za mazungumzo.

Wapo waliokwisha kuonyesha namna ya kuliendea jambo hili. Mwaka 1994 Moufida Tlatli wa Tunisia alitoa filamu yake ya Ukimya wa Kasri, ambayo ilishinda Tanit ya Dhahabu kule Carthage. Inasimulia ujana wa Alia, binti wa mtumishi katika kasri la wakuu wa Tunis, siku za mwisho za ukoloni wa Kifaransa. Alia ana rafiki, Sarra, binti wa wenye kasri. Tlatli angeweza kuiweka kamera sebuleni kwa Sarra. Aliiweka jikoni, kwa wanawake wanaosaga, wanaofua na wanaoimba, na kutoka huko tukaliona kasri lote. Sarra hakudharauliwa wala hakugeuzwa kuwa adui. Tulimwona kwa macho ya rafiki aliyempenda na aliyejua kwamba hawatatoka nyumba ile kwa mlango mmoja. Hiyo ndiyo filamu ya kihistoria ya urafiki ninayoiota kwa Kiswahili.

Na kwa kuwa mnaandika juu ya kukua, msisahau kwamba pwani ina elimu yake ya kukua. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mzima wa kumfundisha usafi, adabu, subira na maisha ya ndoa. Baadaye alikuwapo kungwi, na katika jamaa nyingi ulikuwapo unyago. Bi Kidude, tuliyempoteza Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wa hapa walimjua kama kungwi. Mara nyingi somo wa binti wa nyumba kubwa alikuwa mwanamke wa ukoo wa chini, na uhusiano wao ulidumu hadi kifo. Huo nao ni urafiki wa wanawake unaovuka daraja za jamii, na haujapata filamu yake. Nawaomba hapa muwe na adabu: mafunzo ya ndani ya unyago yana wenyewe, na kamera haina ruhusa ya kuingia kila chumba. Nyuso za wasichana wanapotoka zinatosha.

Kisha zikaja zama za siasa. Januari 1961 wanawake wa Zanzibar walipiga kura kwa mara ya kwanza. Juni mwaka huo huo uchaguzi ukarudiwa, na fujo zikaua watu 68. Majirani walisusiana maduka, harusi na hata mazishi kwa sababu ya chama. Uhuru ulikuja Desemba 10, 1963 na Mapinduzi Januari 12, 1964. Wasichana waliokuwa wakikalia viti vya ukumbi mmoja wa sinema walijikuta wengine wakipanda meli kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Muskat au Uingereza, wengine wakifiwa, wengine wakipata kwa mara ya kwanza nafasi ya skule na nyumba. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu, na dunia nzima ikasikia. Filamu inayotaka kusema kweli juu ya urafiki wa miaka hiyo lazima iwape nafasi aliyeondoka na aliyebaki, aliyepata na aliyepoteza, bila kumnyang'anya yeyote utu wake. Mkiandika kwa upande wa mmoja tu, mtatengeneza filamu ya chama.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia asili, rangi na utumwa ni kutonesha vidonda ambavyo taifa limejitahidi kuvifunga. Nawaheshimu, kwa kuwa wengi wao walishuhudia damu. Lakini kimya hakijatuponya. Watoto wetu wanayapata mambo haya kwa minong'ono, kila nyumba na toleo lake, na toleo la kila nyumba humfanya jirani kuwa mkosaji. Hadithi ya marafiki wawili wanaopendana na kuumizana ni mahali pa salama kuliko mnong'ono, kwa sababu inamlazimu mtazamaji awapende wote wawili kabla ya kuhukumu.

Wapo watakaosema kwamba habari za kumwakilisha kila mtu ni ajenda ya wageni, inayoletwa na wafadhili. Nawajibu kwamba mji wenye Wahadimu, Wangazija, Washihiri, Wagoa, Mabohora, Wamanyema, Wazaramo na Wapemba haukungoja mfadhili aje kuufundisha kwamba watu wana asili nyingi. Kinyume chake, mfadhili wa mbali akisoma muswada wetu mara nyingi huridhika na msichana mmoja, huzuni moja na bahari nyuma yake. Sisi ndio tunaopaswa kukataa kurahisishwa.

Wapo watakaosema fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba filamu ya kihistoria ni ghali: magari ya zamani, nguo, mitaa iliyobadilika, sehemu za Ng'ambo zilizobomolewa kujengwa magorofa ya Michenzani. Lakini kumpa Mwajuma mama, ndoto na neno la mwisho hakuongezi shilingi katika bajeti. Ni kurasa tu.

Kwa hiyo nawaomba mambo haya.

Waandishi, kabla hamjamaliza muswada, uandikeni upya kichwani kwa macho ya kila rafiki wa nyota. Mkikuta kwamba mmoja wao hana hadithi anapokuwa peke yake chumbani, rudini kwake. Mwacheni msichana wa Makunduchi aseme Kimakunduchi na wa Pemba aseme Kipemba, kisha wekeni maandishi chini ya picha kwa wasioelewa. Binti wa Kihindi aliyezaliwa Malindi ya Unguja aseme Kiunguja fasaha, kwa sababu ndivyo alivyosema.

Waongozaji na watayarishaji, acheni kuchagua nyota kwa weupe wa ngozi. Nendeni Ng'ambo, Chake Chake, Old Town ya Mombasa, Kisauni na Kariakoo mkatafute mabinti ambao hawajawahi kuigiza. Msichana mweusi ti apewe nafasi ya kupendwa, kukasirika, kukosea na kusamehewa kwenye pazia, kama wenzake.

Bodi ya Filamu, mnapokagua muswada unaogusa asili na utumwa, uulizeni kama unasema kweli na kama unatunza utu wa wahusika wake. Msiukatae kwa sababu unagusa. Na katika tuzo mnazosimamia, mtazameni mwigizaji msaidizi wa kike kwa jicho hilo hilo: amepewa mtu wa kumwigiza, au amepewa bega?

Waandaaji wa tamasha, Ngome Kongwe mlipozoea kuwakusanya watazamaji ni mahali penye heshima kubwa. Tengeni nafasi ya miswada ya wasichana wa visiwani na mwambao, isomwe mbele ya wazee wanaojua miaka hiyo, nao waisahihishe. Mwandishi kijana atajifunza katika jioni moja kile ambacho hatakipata maktaba.

Jambo la mwisho halingoji. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955 amezaliwa 1940, mwaka mmoja na Adam Shafi. Leo ana zaidi ya miaka 80. Yeye ndiye anayekumbuka ukumbi wa wanawake ulinukia nini, rafiki yake wa Kihindi alimwitaje, nani alilia siku ya kuagana bandarini, na barua zilikoma mwaka gani. Vitabu havina hayo. Nendeni mkamsikilize akiwa bado anaweza kusimulia, mpelekeeni heshima yake, na mkirudi kuandika, mwandikeni yeye, si kivuli chake.

Wenu katika mapenzi ya sinema yetu,

Mtazamaji wenu, Unguja